Mistari Aliyoikusanya Mutiso

Mji wa Tulia, Jumanne

Dada Mwende,

Kabla hujaendelea, nakuomba usimsomee mtu barua hii, hata Mama, na zaidi ya wote Mutiso. Ukimaliza itie motoni. Natumaini kifua cha Mama kimepungua na huko Tawa mmeanza kupanda. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii.

Unajua programu ya ofisi yetu ndiyo huwatumia wakulima ujumbe wa siku ya kuchukua mbegu za ndengu. Ndani yake, mistari ya maagizo ya kila soko ilikuwa karibu sawa, ila siku tofauti. Mutiso, mchumba wako niliyemwombea kazi hapa, alinionyesha kifaa kwenye kompyuta kinachokusanya mistari inayofanana na kuitoa kando iwe funksheni moja, yaani fungu moja la maagizo, ili kila soko liiite hiyo tu. Ni kifaa kizuri, sikatai. Nikamwambia kwanza tulinganishe kila mstari na karatasi ya siku za masoko.

"Kyalo, wewe hata harusini utakuja na karatasi," akacheka.

Nikaenda dirishani kumhudumia mama mmoja. Niliporudi alikuwa ameshakibonyeza kifaa hicho kwenye mashine yangu, kwa jina langu. "Nimeisoma yote," akasema. Nikamwamini, nikaituma. Hilo ni kosa langu.

Siku ya soko moja ilikuwa imebaki ndani ya funksheni, ikawa ya masoko yote. Watu wakaja siku moja, wengine kwa miguu kutoka mbali, na mbegu zao hazijafika. Mvua ikawanyeshea langoni na magunia matupu.

Mkubwa alipotuita, Mutiso alisema, "Mzee, mimi nilimwonya. Angalia jina." Jioni hiyo akaja kwangu kula kama kawaida.

Jumatatu wataamua kama nitafutwa. Dada, siku ile alipobonyeza, Mutiso alikutumia picha ya skrini, ukanisomea kwa simu tukacheka: "Nimemmalizia ndugu yako kazi ya wiki nzima." Usiifute. Najua mbuzi wake wa ntheo, wa uchumba wenu, wako zizini kwetu. Najua ninachokuomba.

Nisalimie nyanya yetu Susu, umwambie blanketi lake nimelipata, na umsalimie pia mjomba Musyoka wa kwaya.

Ndugu yako,
Kyalo

Usinipigie, Mutiso hukaa meza ya pili. Ukija kabla ya Jumatatu, shukia sokoni umuulize Mama Kanini anayeuza mitumba, atakuja kuniita. Njoo na simu yako. Usipokuja nitaelewa, na sitakuuliza kamwe.