Kisima Kilichopangwa kwa Ajili Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mtaa wa Umoja tena. Sampuli ya kisima cha Mama Nafula, anayetunza ploti iliyo nyuma ya kituo cha zamani cha mafuta. Chai, mandazi, kisha kamba na chupa. Miaka saba sasa. Petroli iliyovuja kutoka matangi ya kituo hicho inazidi kupungua, na wanaoila ni bakteria wa udongoni. Bila kuchimba, bila mashine. Jina langu lote nimelijenga hapo. Ijumaa nasaini ripoti, kamati ya ploti ifungue kisima, watu wanywe. Wamechoka kupanga foleni ya mfereji.

Jumanne, 4 Machi
Mutiso wa maabara ameniharibia siku. Jana alikuwa akijaribu kifaa kipya, akakuta klorini kwenye sampuli yangu. Alilala na siri hiyo akiogopa kuniambia. Nimesema chupa zake chafu. Amenuna. Kisha amenionyesha chupa. Safi.
Klorini haitoki ardhini. Hutiwa kwenye maji ya mfereji. Hatukuwahi kuipima. Nani huitafuta kisimani?

Jumatano, 5 Machi
Nimepekua madaftari yote. Visima viwili vya jirani petroli haipungui, au inapungua kwa kujikokota. Cha Mama Nafula inaporomoka. Nilikuwa nakiita kisima changu bora. Nilikisifia kwenye mikutano, mjinga mimi.
Pengine bomba la mfereji limepasuka chini kwa chini. Naomba liwe limepasuka, isiwe mkono wa mtu. Mtu mzima na shahada zake, anaombea bomba lipasuke.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda bila kupiga simu. Kila mara hupiga siku moja kabla. Ndivyo nilivyolelewa, humvamii mtu kwake kama askari.
Nimefunua kifuniko. Harufu ya petroli imenipiga usoni.
Mama Nafula ametoka mbio, mikono ina povu la sabuni. "Woi, daktari! Si ungesema unakuja? Leo sijakipanga."
Kukipanga?
"Ukipiga simu huwa natoa hiyo maji ya juu iko na mafuta, naongeza mitungi ya mfereji, kila mwaka mingi zaidi. Mgeni atakujaje akute uchafu?"
Tangu lini? Tangu siku ya kwanza nilipokunja uso kwa harufu. Aliona aibu. Akanisitiri, miaka saba, mtungi kwa mtungi, na maji yenyewe ya kupanga foleni.
Nimemwuliza kama kuna anayekunywa. Hakuna. Wanangoja sahihi yangu. Nimeketi juu ya ndoo. Sina hasira naye. Nina hasira na mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa idara anataka nisaini, tahadhari niiweke kwenye kiambatisho. Wafadhili wanangoja. Nani husoma kiambatisho? Nimelia chooni. Nikanawa. Nimeandika: kisima kisifunguliwe, petroli bado imo, maji haya yataua watu polepole. Amesema nimejimaliza. Huenda.
Jioni, kamati. Nimesema kosa ni langu. Mama Nafula alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa. Sikumtaja. Mwenyekiti akauliza, "Sasa daktari, hii miaka yote ulikuwa unapima nini?"
"Maji ya mfereji," nikasema.
Mama mmoja alibeba mtungi wake mtupu akatoka. Huyo ndiye ninayemwona nikifumba macho.

Jumatano, 12 Machi
Nimeandika barua ya kuondoa jaridani makala zangu zote mbili kuhusu kisima hiki. Uprofesa basi tena. Mutiso ameniletea soda. Sijui kama bakteria wale wanakula chochote. Huenda wanakula. Sijui.

Jumatatu, 17 Machi
Umoja. Mvua ya rasharasha. Mama Nafula amekaa kando yangu, ameziba pua kwa ncha ya leso, hajakipanga kisima. Juu ya maji kuna utando unaong'aa. Tumeutazama kidogo. Nimeteremsha kamba, nikachota, nikakausha chupa kwa sketi yangu.
Nimeibandika karatasi. Sampuli namba moja.