Chaki kwenye Mlango wa Uyoga

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na kikohozi cha shemeji kimemwachia. Mimi mwili ni mzima. Wanangu wanakusalimu sana. Yule mdogo bado anauliza shangazi atakuja lini na uyoga, na mama yake humkatisha kwa kumwambia ale alichopewa. Salamu zako nilizipata. Umesema umechoka kukaa kwa wakwe, unataka kurudi kwenye kazi yako, na nikuombee chumba kwa mwenye uwanja wa karakana hata kama ana roho ngumu, maana bahati nzuri msimamizi wake ni mimi, ndugu yako wa damu. Hayo maneno ya mwisho nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Ndiyo sababu nimechelewa kujibu. Kila nikianza barua, naichana.

Kwanza nikupe hali ya uwanja. Vile vyumba kumi na viwili ulivyoviacha vimejaa watu, leo kinachofanya kazi ni kimoja tu, cha fundi cherehani mama wa mapacha. Vingine vina kufuli, na funguo zote ninazo mimi.

Ulipoondoka, mwezi mzima hatukuona tofauti. Kisha maranda ya seremala yakaanza kurundikana, maana ni wewe uliyekuwa ukiyazoa kila asubuhi kujazia mifuko ya uyoga. Akaamua kuyachoma. Moshi ukaingia kwa mafundi cherehani, vitambaa vikanuka, wakaja juu, na seremala akaambiwa ahame. Pumba za kinu ulizokuwa ukichanganya na maranda zikabaki kwenye magunia, panya wakazifuata, na mwenye kinu akashindwa nao akafunga. Mwenye kuku aliyekuwa akitandika maranda na kulisha pumba hizo hizo aliondoka bila kuaga mtu. Bibi wa miche, nyuma ya ukuta, hakuwa na mbolea nyingine zaidi ya mifuko yako iliyokwisha kuzaa. Alikuja mara mbili kuniuliza itapatikana lini, mara ya tatu hakuja.

Kila aliyetoka, chumba chake walipewa mafundi cherehani, kwa sababu mwenye uwanja alitaka kazi ya aina moja, safi, isiyo na vumbi wala harufu. Na mimi nilifurahi, dada. Unanijua, si wewe uliyenibandika jina la Bwana Mistari kwa kupanga hata viatu vya wageni? Cherehani zilikaa kwa safu, nikawa napita katikati mikono nyuma kama mkaguzi. Mafundi wote walishona sare kwa mteja mmoja. Siku mteja huyo alipoacha kuagiza, uwanja mzima ulinyamaza ndani ya wiki moja. Zamani seremala akikosa kazi alishinda kwako akifunga mifuko, na uyoga wako ukikataa ulikwenda kupepeta kwenye kinu. Safari hii hapakuwa na jirani wa kumshika mwenzake, maana wote walikuwa wameanguka siku moja.

Unakumbuka baba, enzi zake za ulinzi wa msitu, alivyotupeleka upande wa miti ya kupandwa? Mimi nilipenda ile mistari iliyonyooka. Wewe uliuliza ndege wamekwenda wapi. Baba akasema miti yote pale ni ya aina moja, na mwaka mdudu atakapoufikia mmoja ataimaliza yote, kwa sababu hakuna wa kumzuia njiani. Halafu akatupeleka upande wa pili, akapindua gogo lililooza, tukaona lilivyojaa uhai chini yake. Ukasema msituni hakuna jalala. Tulikucheka, lakini kazi yako yote uliijenga juu ya neno hilo.

Ule ukimya wa miti ya kupandwa umehamia huku, na ninauogopa. Saa nne asubuhi, saa ya kuwashwa kinu, sakafu inatetemeka chini ya miguu yangu. Nikitazama, mlango wa kinu una kufuli. Nasikia harufu ya maranda mabichi mchana kweupe, kwenye chumba ambacho hakijaingia ubao tangu mwaka jana. Mama wa mapacha amehamisha cherehani yake mpaka chumba cha mwisho. Anasema anasikia mtu akibwaga mifuko chumba namba saba, chako, na kuguna kama unavyoguna wewe ukiinuka. Nilimwambia ni panya. Panya wenyewe waliondoka pumba zilipokwisha.

Jumanne nilijikaza nikafungua. Paa linavuja, na mifuko uliyoiacha imelowa. Uyoga umeota, dada. Umetoka kwenye mifuko, ukapanda fremu za rafu, mweupe, gizani, bila mtu wa kuuchuma. Nilipovuta mlango kutoka nikakutana na ile alama.

Ile mistari miwili iliyokatana, ya chaki. Ulipoiona uliifuta kwa ncha ya nguo yako ukidhani ni utundu wa watoto. Kesho yake ikarudi. Uliniuliza ni nani, nikakwambia ni watu wa mwenye uwanja. Ni mimi. Mwenye uwanja hakujua hata nani yuko chumba gani. Alinipa chaki akaniambia nitie alama chumba cha kuanza kuhamishwa, kile kisicho na faida. Nikapita vyote, nikaona chako kina giza, kinanuka kuoza, na ndani hakuna kilichonyooka. Tena nikawaza kwamba nikianza na dada yangu hakuna atakayesema napendelea ndugu, na wazo hilo nililionea fahari. Ulipofuta nilichora tena, nikakandamiza mpaka chaki ikakatika. Kisha nikakubebea mizigo mpaka kwenye mkokoteni, nikalia na wewe. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Kwa hiyo chumba hakina haja ya kuombewa. Ufunguo nimeufunga ndani ya karatasi hii. Seremala nimemtafuta, anasema ukirudi atarudi. Mlango nimeusugua kwa sabuni mara tatu, lakini ukikauka alama inaonekana, kwa kuwa ubao ulichubuka. Ningeweza kuupaka rangi. Nimeuacha hivyo uuone mwenyewe. Ukitaka unikute, nitakuwa getini. Ukitaka usinikute, tuma neno moja tu, nitakuwa nimeondoka kabla hujafika.

Msalimie shemeji, wasalimie na wakwe zako wote. Usikae bila kunijibu, hata kwa matusi.

Ni mimi mdogo wako,

Bwana Mistari