Mimi Niliyebadilishwa na Nguruwe

Mgodini, Walikale

Kwa mdogo wangu Bahati, kijijini Kingi,

Kaka yako anakusalimu. Mvua za huku zimenipa kikohozi, lakini meno yangu yangali yote na hamu ya ugali haijapungua. Mama Furaha, mke wangu, mguu wake umepona? Maharagwe yameota?

Barua yako imenifikia. Unasema Papa Hangi wa Muheto amesimamisha ndoa ya mwanawe na binti yangu Furaha, akisema, "Hatuoe mutoto wa mutumwa." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kaa chini, Bahati, nikueleze taratibu, nawe ukamweleze.

Mimi nimefungwa na kontra, yaani mapatano ya miaka mitatu ya ukarani niliyoyakubali mwenyewe. Kabla haijaisha siwezi kuondoka. Nikitoroka, askari wananirudisha. Naamshwa kwa kengele na kula posho ya kupimiwa. Mpaka hapo, nakiri, mtumwa angeniambia, "Karibu, ndugu yangu." Lakini kontra ina mwisho. Utumwa hauna. Jirani yangu kambini, mzee Kahombo, anaujua. Zamani mama yake alikamatwa na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, akabadilishwa na mfuko wa chumvi. "Na mimi niliyezaliwa nyuma ya pale," husema, "nilikuwa wa yule mwenye chumvi."

Jioni moja nilikuwa namfafanulia: "Papa Kahombo, muntu wa kontra hawezi kubadilishwa na kitu."

Kapita, msimamizi wetu, akatokea mlangoni. "Papa Mwalimu, funga mizigo. Kesho unaenda kwa muzungu wa kahawa, ng'ambo ya mto. Anakosa karani."

"Na bwana wetu atapata nini?"

"Nguruwe dume. Iko ya kuazima tu, kwa ajili ya majike ya bwana."

Kahombo alicheka mpaka kiko kikamdondoka. "Afazali mama yangu! Yeye alikuwa chumvi!"

Asubuhi nilikutana na nguruwe huyo katikati ya daraja la kamba. Yeye alibebwa na wanaume wanne. Mimi nilitembea, sanduku kichwani.

"Papa, pisha," wakasema. "Huyu akianguka, tutaulizwa."

Nikarudi kinyumenyume hadi ukingoni, nikapisha.

Nilipovuka, nikawakuta wazungu wote wawili wakipatana bado. Mwenye nguruwe alitaka watoto wawili watakaozaliwa; bwana wetu akamkubalia mmoja. Kisha wakaja kwangu: chakula changu, mahali pa kulala, siku ya kurudishwa. Nikatega sikio. Juu ya watoto wangu hakuna aliyesema neno.

Bahati, nimefundisha miaka mingi, lakini somo hili nililipata pale ukingoni. Nguruwe hana kauli juu ya watoto wake. Mama yake Kahombo hakuwa nayo. Mimi ninayo. Kama Furaha angekuwa mtoto wa mtumwa, Papa Hangi angepeleka mbuzi wa mahari kwa bwana wa mgodi, na bwana ndiye angemchagulia mume. Sasa mbona manung'uniko yake ameyaleta nyumbani kwetu? Mwulize hilo, kisha mwache anywe pombe yake akifikiri.

Nguruwe amekwisha kurudishwa kwa mwenyewe, nami nimerudi mgodini. Kontra yangu inaisha kabla hamjavuna maharagwe. Bwana ananibembeleza niongeze miaka mitatu. Nimemjibu kwamba nina harusi nyumbani. Tafadhali msinifanye mwongo.

Nisalimie mama watoto wangu. Shangazi yetu wa Ngungu, umwambie sauti yake naisikia hata huku. Na katekista anayekusomea barua hii, asiongeze maneno yake. Furaha asilie. Papa Hangi na alete mbuzi, nitampokea mlangoni kwangu mwenyewe. Nguruwe asilete. Mmoja nimeshampisha, inatosha.

Ni mimi kaka yako, mwenye miguu ya kurudi,
Mwalimu Bauma