Kamera Ibaki Garini

Kaloleni, Kisumu
3 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Hujambo? Goti linaendeleaje baada ya ile dawa ya kuchua? Mimi ni mzima. Barua hii anakuletea Shangazi Dorca akitoka kuuza mchele, kwa kuwa wasema simu humeza nusu ya maneno yako.

Filamu yangu ya kwanza ndefu imebakiza onyesho moja: mazishi. Naomba nilipigie picha hapo nyumbani. Wanawake kumi waingie langoni wakipiga nduru, mimi na kamera moja tu. Nimetafuta boma jingine, sijapata linalofanana. Bila onyesho hilo sina filamu.

Binti yako,
Achola

Ahero
9 Machi 2025

Achola binti yangu,

Goti linagoma asubuhi tu, kama wanafunzi wangu wa zamani siku ya Jumatatu.

Boma ni lako. Nduru, hapana. Acha nikueleze polepole. Kwetu nduru ina kazi moja, kuwaambia majirani kwamba kuna aliyefariki. Owiti aliye ng'ambo ya mfereji ataacha mpunga wake aje mbio. Utamwambia nini? Tena kulia pasipo na maiti ni kuita kifo. Nimefundisha sayansi miaka thelathini, lakini hilo sitalijaribu. Dorca naye anasema, "Mwulize huyo binti yako mwongozaji amemchagua nani afe!"

Kwa nini usiweke muziki? Orutu yako, fidla ile ya uzi mmoja iliyokufikisha hadi Ulaya, bado inaning'inia ukutani. Tangu uiache ukashika kamera, sijakuuliza sababu.

Baba yako

Kaloleni
20 Aprili 2025

Baba,

Mvua imewaachia nafasi huko? Natumaini mko salama.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, kisha nikaona aibu.

Sababu ni hii. Mama alipofariki mwaka jana nilikuwa jukwaani Ulaya nikiipiga orutu hiyo, simu nimeizima. Maji ya mafuriko yalikuwa yanapanda, mkamzika upesi. Siwalaumu. Nilipofika, boma lilikuwa chini ya maji, nanyi mlikuwa hemani pale shuleni. Ulinipa chai. Tukaongea habari za magodoro. Tangu hapo sijaweza kuugusa uzi ule.

Nilitaka kuiona siku ile ambayo sikuiona. Filamu yote ni hiyo tu.

Achola wako

Ahero
22 Aprili 2025

Achola, mama yangu,

Mimi ni mzima. Dorca macho yamevimba, maana alininyang'anya barua yako akaisoma mwenyewe.

Nilikosea. Nilikueleza mila nikasahau nusu yake, mimi niliyejiita mwalimu. Mtoto aliyekuwa mbali mazishi yakapita, siku anapofika nyumbani hulia kuanzia langoni hadi kaburini, na majirani humpokea, hata kama mwaka umepita. Kule hemani hapakuwa na lango. Nilikupa chai kwa sababu sikujua nikupe nini.

Njoo Jumamosi. Owiti nimeshamwambia, atauacha mpunga wake. Piga nduru utakavyo. Hiyo haiiti kifo. Kifo kilikwisha kuja.

Kamera ibaki garini.

Baba yako

Kaloleni
30 Mei 2025

Baba,

Goti vipi? Mwezi mzima sasa tangu nilie pale langoni, na sauti yangu ndiyo kwanza inarudi.

Shangazi anasema waniulizia filamu. Imekamilika. Kesho yake, ile Jumapili uliyoruhusu kamera iingie, wale wanawake kumi walipita langoni vinywa wazi bila kutoa sauti. Pale penye nduru nimeweka orutu. Nilibadilisha uzi, nikaipiga mwenyewe, dakika nne bila kukata. Tutaionyesha Jumamosi ijayo ukumbini hapa Kaloleni. Mwambie Shangazi hakuna aliyechaguliwa, aje tu.

Jambo moja halimo kwenye filamu, nami sitaliweka. Jumamosi ile ya kilio ulinishika mkono kutoka langoni hadi kaburini, njia nzima, wala hukunieleza chochote.

Binti yako,
Achola