Wazee wa Saa Hawainami

Kangle, Guangzhou

Mdogo wangu Paulina,

Amani iwe nyumbani mwako. Natumaini maumivu ya goti yamepungua, na mvua za huko zimekuachia mahindi ya kuchoma. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la vitambaa hakijaniacha. Mtaa huu ni wa mafundi cherehani. Mashine zinalia chini ya dirisha langu tangu alfajiri, na nimezizoea hivi kwamba mafundi wakienda kwao kula mwaka mpya wao, ndipo ninapokosa usingizi.

Nimeusikiliza ujumbe wako mara nne. Ulikuwa ukicheka: "Tekla ananiuliza, mama, ukija Praha unataka kuona nini? Nikamwambia, mwanangu, mimi kitabu changu ninacho. Barua zote za mjomba wako alipokuwa akisoma huko ziko kwenye kasha." Ningeweza kukujibu kwa sauti. Lakini jambo hili lilianza kwa barua, na liishe kwa barua. Utaipata kabla hujasafiri, kwa mkono wa mwanafunzi wa kwetu anayepanda ndege keshokutwa.

Usizibebe barua zile, Paulina. Mengi niliyoyaandika sikuyaona.

Jumapili yangu ya kwanza nilikwenda kwenye lile daraja lenye sanamu za watakatifu. Sikufika katikati. Familia moja ilinisimamisha, baba akamsukuma mwanawe asimame karibu nami, wakapiga picha. Wakaja wengine, wakapanga mstari. Nilikwenda kutazama, nikatazamwa. Sikurudi tena. Lakini mama alikuwa akingoja, na wewe, msichana wa darasa la nne, ndiye uliyekuwa ukimsomea barazani majirani wakisikiliza. Basi nikawa nanunua kadi za picha kwenye kibanda cha kituo cha tramu, naandika yaliyomo kana kwamba nami nilikuwamo. Ngome ya wafalme, ambayo nilisema nimezunguka vyumba vyake, sikuingia. Mashua niliyosema nimekula samaki ndani yake ilikuwa kwenye kadi.

Na ile saa ya mnarani. Niliandika kwamba ikigonga, sanamu za wazee kumi na wawili hutokea madirishani na kuwainamia watu waliosimama chini. Mama akasema, nawe ukaniandikia maneno yake: "Kumbe huko hata saa ina adabu." Kadi haionyeshi saa inavyokwenda, kuinama niliongeza mwenyewe. Mwaka jana Mama Béa, mfanyabiashara wa Lubumbashi ninayemchagulia vitambaa, alinionyesha video ya saa hiyo kwenye simu yake.

"Papa, habainame hawa!" akasema. "Banapita tu, kama mabosi kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou."

Nikacheka naye. Kisha nikamwomba airudie, na airudie tena.

Sikutaka uligundue hilo ukiwa umesimama chini ya saa ile, barua mkononi, mwanao pembeni.

Mji niliokuwa naujua kweli ni huu. Mwambie Tekla akupeleke mtaa wa Žižkov, kule tramu inakopanda kilima. Palikuwa na duka la dobi, la bibi mmoja mnene aitwaye Vlasta, aliyeniacha nikae kando ya mashine wakati wa baridi, nikisoma. Barua zenu zote niliziandikia juu ya meza yake ya kupigia pasi. "Andika, andika," alikuwa akinihimiza, "mama hapendi kungojeshwa." Duka sidhani kama lipo. Tazama tu madirisha marefu, na ngazi za mawe zilizolika katikati.

Kisha mteremke hadi makaburi ya Olšany, yenye miti mikubwa. Jumapili zangu nilizimalizia humo, kwa sababu humo hakuna aliyegeuka kunitazama. Mwanzoni mwa Novemba huwasha mishumaa juu ya makaburi. Mwaka ule alipofariki baba, nami nisiweze kuja kumzika, mzee mmoja aliniona nimesimama mikono mitupu, akanipa mshumaa mmoja katika yake. Niliuweka kwenye kaburi ambalo halikuwa na mshumaa, lenye jina nisiloweza kulitamka. Hilo sikuwaandikia. Halikuwa na kadi.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Ule mnara wa Guangzhou, niliokutumia picha nikasema nimekunywa chai kule juu, sijaupanda. Nilisimama chini, nikamwomba msichana aliyekuwa akipita anipige picha. Chai nainywa chumbani, ghorofa ya nne, kikombe kimoja.

Nisalimie shemeji, mumeo, na binamu yetu Mwalimu Kosmas, aliyenifundisha kushika kalamu. Shangazi Yustina, ambaye bado ananiita mtoto wa Ulaya, mwambie nimezeeka Uchina.

Sasa zamu ya kuandika ni yako. Usiniongezee chochote. Kwenye saa nenda hata hivyo, ni nzuri. Wale wazee wakishapita na madirisha yakafungwa, inama wewe kidogo, kwa ajili ya mama.

Kaka yako anayekukumbuka,
Anselmi