Ngazi za Kanisa Kuu la Bremen

Mpendwa Henning,

Natumaini mgongo umepona baada ya ufagio ule. Jumamosi nami nilikuwa Bremen, mtalii miongoni mwa watalii.

Mimi niliyehubiri chuoni kwamba ndoa ni mnyororo, na kwamba ni ushenzi kumlazimisha kapera wa miaka thelathini afagie ngazi za kanisa mpaka msichana ambusu, nilipanda treni nije nikukomboe.

"Fagia, babu!" rafiki zako walikuzomea. "Bila busu hutoki hapa!"

Nikiwa bado napenya umati, msichana nisiyemjua akakubusu, nawe ukamvisha pete ileile niliyoikataa.

Rafiki yako mmoja akanikabidhi simu. "Dada mgeni, hebu tupige picha."

Nikawapiga. Itundikeni sebuleni, wote wanaokupenda wamo, isipokuwa mmoja.

Aliyekuwa wako,
Wiebke