Chumvi ya Kisima cha Dhaka Dima

Abuya,

Salaam aleikum. Hiyo nakupa kwa sababu salamu ni haki ya Mwislamu hata kama mmekosana. Zaidi ya hiyo sina jema la kukutakia leo.

Naandika hapa kwenye kundi la ukoo, kwenye simu za watu wote, kwa sababu ndipo mahali pekee unapopatikana. Tangu uhamie Moyale unasoma kila kitu bila kujibu. Mama akikuuliza kama umekula, tunaona tu alama mbili za buluu. Najua kuna watakaosema mtoto aliyemaliza shule juzi hana adabu kumwandikia ndugu wa mama yake mbele ya watu. Kwetu abuya ndiye mtu ambaye mtoto humkimbilia akichapwa nyumbani. Mimi nilikukimbilia sana. Na unajua kwa nini naandika badala ya kusema. Sauti yangu hukauka watu wakizidi watatu. Ulilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ukalitumia.

Unakumbuka siku ya kwanza ya Dhaka Dima? Nilikuwa darasa la nne, tumefunga shule, na mvua haikuwa imekuja. Ulinichukua tufuate ngamia mpaka kwenye ule mwamba mwekundu wenye jina hilo, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu Sericho. Ngamia wakaanza kula miiba chini yake, wewe ukaniambia nivue viatu nipande.

"Hii ni nini?" ukaniuliza.

"Jiwe."

"Jiwe gani?"

"La mchanga."

"Mchanga wa kutoka wapi, Profesa?"

Sikujua. Ulicheka, si kwa kunidharau, na ukatoa kisu chako ukaanza kunionyesha kama mtu anayefungua nyama. Ulikuwa kijana ulipowabebea mizigo wapimaji waliokuja kutafuta mafuta, na kila jiwe walilogonga uliwauliza limetoka wapi. Hukusoma shule hata mwaka mmoja, lakini hukusahau walichokujibu.

Juu kabisa ulinionyesha kokoto za duara zilizoshikamana na mchanga mnene. "Jiwe haliwi duara kwa kukaa," ulisema. "Hili limebingirishwa na mto." Katikati matabaka yalikuwa yamelala upande, moja juu ya lingine, yote yakiinamia upande mmoja. Ukachota mchanga kwa kofia yako, ukaumwaga polepole ili nione unavyoteleza kwenye mteremko wake wenyewe. Hapo, ulisema, ndipo mto ulipofika mwisho wake, ukagawanyika kama vidole, ukamwaga ulichobeba ndani ya maji makubwa. Miaka mingi baadaye mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni neno delta, akauliza nani anajua, na mimi niliyekuwa na jibu tangu darasa la nne sikuinua mkono.

Halafu ukanishusha hadi chini kabisa, kwenye tabaka la kijivu. Pale jiwe lilikuwa na vimikunjo vidogo vidogo, kama mchanga wa lagga, mto wa msimu, maji yakishapita, na ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe vya kombe.

"Hapa palikuwa pwani," ulisema.

"Pwani ya wapi?"

"Ya hapa."

Nilidhani unanitania. Sericho, ambako mtu huweka mtungi kwenye foleni leo ili ateke kesho! Ukaniambia mwamba husomwa kutoka chini kwenda juu. Bahari ilikuwa ya kwanza. Kisha mto ukaleta vumbi la milima, ukalimwaga mdomoni mwa bahari, mwaka kwa mwaka, bahari ikawa inarudi nyuma kidogo na mto unasogea mbele kidogo, mpaka siku moja mto ukawa unapita juu ya mahali palipokuwa na mawimbi. "Mto ulishinda kwa kuwa na subira," ulisema. Nililala usiku huo nikiwa na furaha ambayo sikujua nimwambie nani.

Kwa hiyo usije ukasema hukujua. Ungekuwa mjinga, ningekusamehe siku ileile.

Nilikuwa kidato cha tatu ukame ulipozidi na ukoo ukakuchagua uchimbe kisima kwenye tambarare, kusini mwa Dhaka Dima. Mlichimba wiki mbili kwa mtaimbo na sururu. Mkafika kwenye kokoto, na maji yakaja. Yalikuwa kidogo lakini matamu. Ndoo ishirini, halafu kisima kinapumzika, halafu ishirini tena. Mama alipika chai yake ya kwanza kwa maji yale na kila mtu alinyamaza akinywa.

Ukataka kujua kilichoko chini yake. Shimo lilikuwa jembamba, wewe ni mnene. Adhuhuri, wanaume walipokwenda kuswali, uliniita. Ulinifunga kamba kiunoni kwa mikono yako. Ulikaza fundo mara mbili ukalijaribu kwa kulivuta, na ukanipa tochi.

"Shuka unisomee," ulisema.

Hayo ndiyo maneno yako. Nayaandika hapa ili ukoo uyaone.

Nilishuka. Kulikuwa na joto na harufu ya jiwe bichi. Nikaona kokoto za mto pande zote, maji yakitoka kati yake kama jasho. Miguu yangu ilikanyaga tope la kijivu, gumu, linalong'aa. Nilichokoa kwa kucha nikapata kipande cheupe cha kombe. Tabaka lililolala upande halikuwepo pale, au lilikuwa jembamba mno. Mto ulikuwa umekaa karibu moja kwa moja juu ya pwani. Nilifunga kokoto, mchanga na tope kwenye ncha za mtandio wangu nikatikisa kamba.

Nilipotoka nilikuambia, na sikusitasita, kwa sababu tulikuwa wewe na mimi tu: "Abuya, simama hapa. Hili tope ndilo limeshika maji. Chini yake ni bahari. Ukilitoboa, chumvi itapanda."

Ulikuwa unatafuna mswaki. Ulisema, "Maji haya ni ya mbuzi. Mimi nachimbia ngamia."

Wanaume wakarudi. Aba herega, mzee wetu anayepanga zamu za kunywesha mifugo, akauliza, "Mtoto anasema nini?"

"Anasema tusimame."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Tumepata injinia wa sketi!" Mwingine akasema nipelekwe Nairobi nikachimbie serikali. Mimi nilikutazama wewe. Nilidhani utasema, huyu nimemfundisha mwenyewe. Nawe ukacheka. Ulicheka kuliko wote, ukachukua mtaimbo.

Najua ulichokuwa unatafuta. Kisima kifupi huitwa kisima tu, kirefu huitwa kwa jina la aliyekichimba. Ulitaka watoto wa watoto wetu wakate kiu wakitaja jina lako.

Siku ya tatu tope likatoboka. Maji yakapanda kwa kasi mpaka wachimbaji wakavutwa juu wakipiga kelele, ukabebwa mabegani, na akaletwa mtamba wa kwanza wa ngamia anywe. Akashusha mdomo, akautoa, akageuka. Mama akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Jioni hata maji ya kokoto yalikuwa yamechanganyika, na chai tuliyokuwa tunainywa kwa kunyamaza tukaimwaga.

Mkutano ulikuwa Ijumaa baada ya swala. Nilikaa nyuma na wanawake. Walikuuliza wewe fundi, kimeharibika nini? Nilingoja useme. Ungesema umekosea, wangekukasirikia mwezi mmoja, kisha wangekumbuka visima vingine vizuri ulivyochimba. Badala yake ulisema, kwa sauti ya mtu anayesikitika: "Mnaniuliza nini na wote mnaujua mwiko wa mwanamke na kisima? Kuna msichana aliingia kisimani. Tangu hapo maji yamekataa."

Hukutaja jina. Hakukuwa na haja. Shingo zote ziligeuka.

Abuya, alama ya kamba yako ilikuwa bado kiunoni mwangu, chini ya nguo, nyekundu. Ningeinuka nikasema ni nani aliyenishusha, mambo yangekwisha. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ulinitazama wakati ule, na niliona umetulia. Ulikuwa umepiga hesabu ya ukimya wangu kabla hujaanza kusema.

Sasa nikueleze ulichokikimbia. Aba herega aliiweka nyumba ya mama mwisho wa zamu kwenye kisima cha pampu. Mwisho kabisa, baada ya wageni wanaopita. Huyo mama ni dada yako. Mbuzi wake wanakunywa pampu ikiwa inakohoa, na wanawake aliolelewa nao humwambia, "Muulize binti yako maji yalikwenda wapi." Yeye hajawahi kuniuliza kwa nini niliingia. Mwaka mzima na zaidi. Nadhani anaogopa jibu, maana litamlazimu achague kati ya mtoto na ndugu. Leo analisoma. Mama, nisamehe kwa kukuchagulia siku.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Nimemaliza mitihani, niko hapa Isiolo mjini kwa shangazi, namsaidia dukani, na wateja hawaniulizi habari za visima. Lakini juzi mjukuu wa aba herega alinunua sukari akaniambia Jumatatu wanachimba tena, upande wa kaskazini wa Dhaka Dima. Fundi mpya ametoka Merti. Ameapa atakwenda chini kuliko ulivyokwenda wewe. Na wametoa amri: mwanamke asikaribie hata rundo la mchanga, ili kosa lisirudiwe.

Umeelewa? Wanalinda kisima dhidi yangu, na mtaimbo wanauacha ufanye utakavyo. Watafika kwenye kokoto, watapata maji matamu, watayadharau, na watatoboa tope. Mwamba ni uleule, pwani ni ileile. Upande wa kusini umekwishaharibika. Wa kaskazini ukiharibika hakuna tena mahali pa kuchimba karibu, na watu watahama, walio na nguvu za kuhama. Nyumba ya mama haina nguvu hizo.

Nataka sentensi moja kutoka kwako. Iandike hapa chini ya barua hii: Mimi ndiye niliyemshusha, na aliniambia nisimame. Sitaki msamaha, sitaki unipigie simu unieleze ulivyokuwa na mawazo siku zile. Sentensi hiyo tu.

Usipoiandika, sawa. Kesho kuna lori lililoleta ng'ombe sokoni linarudi Sericho tupu, na shangazi ameshanitafutia nafasi mbele kando ya dereva. Ninao mkebe wa majani chai. Ndani yake mna vile nilivyovifunga kwenye mtandio wangu siku ile: kokoto, mchanga na tope la kijivu. Kwa muda wote huu nimekuwa nikiuficha kama mtu aliyeiba. Leo asubuhi nililiramba tope. Bado lina chumvi. Bahari yako ya Dhaka Dima, Abuya, haijaondoka. Ilizikwa tu, na wewe ndiye uliyeifukua.

Nimefikiria nitakavyosema mbele ya wazee wale, na nimegundua kwamba sihitaji kusema. Nitaketi mahali wanawake wanapokaa. Nitavunja lile tope vipande vidogo, mama atavipeleka mbele, kila mmoja apewe chake, aba herega wa kwanza, na yule aliyeniita injinia wa sketi wa pili. Neno nitakalohitaji ni moja, nami nimelifanyia mazoezi dukani mchana wote nikipima sukari: Onjeni.

Ulinifundisha kusoma mwamba. Hilo siwezi kulirudisha, na sitaki, ni langu sasa. Mengine yote nakurudishia.

Kwaheri. Alama zikigeuka buluu, nitaona saa uliyosoma na nitauonyesha ukoo wote. Kipande chako cha tope nimekibakiza mkebeni.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, uliyemfunga kamba kwa mikono yako mwenyewe.